Salamu Zilijaza Kadi

Hivi wewe, umewahi kusalimiwa mpaka ukasahau kilichokutoa nyumbani? Kama hujawahi, basi hujafika katika nchi hii ninayotaka kuisimulia. Jina lake silitaji. Huko jina la nchi halitajwi mpaka yametangulia majina ya wakubwa wake wote, na pumzi za kazi hiyo hazipo.

Ni nchi nzuri, msidhani vingine. Ina milima, ina chai, ina mvua ya kutosha na viongozi wa kubakiza. Watu wake wana adabu ya kupigiwa mfano. Mtu akiona paa lako linawaka moto, hukuuliza kwanza umeamkaje, watoto hawajambo, yule mbuzi aliyekuwa akichechemea amepona, ndipo akakuonyesha moshi. Na serikali yao, kwa kuwa ni serikali sikivu, ikaichukua adabu hiyo ikaigeuza sheria: yeyote atakayesema mbele ya chombo chenye waya, betri au kitufe, sharti awatambue waheshimiwa kwanza, mmoja mmoja, kwa cheo na kwa jina, kutoka juu kushuka chini.

Zamani ilikuwepo njia ya mkato. Msemaji alisema tu "itifaki imezingatiwa", akaendelea na lake. Mpaka siku moja, katikati ya hafla, mheshimiwa mmoja akasimama akauliza kwa upole: kama itifaki imezingatiwa, mbona yeye hajalisikia jina lake? Watu wakatazamana. Tangu siku hiyo njia ya mkato ikafungwa.

*

Basi juu mlimani, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kubisha hodi, palikuwa na shule ya sekondari, na katika shule hiyo palikuwa na mwalimu mmoja wa baiolojia, jina lake Sikudhani. Mwanamke wa makamo, mwembamba, kanga yake ya begani siku zote ina alama ya chaki pale anapofutia vidole. Alipenda somo lake kama wengine wapendavyo umbea. Na alilelewa vizuri mno, maskini, hilo ndilo lililomponza.

Shida yake ilikuwa mto. Nusu ya wanafunzi wake walitoka Ng'ambo, na masika yale daraja lilikuwa halipo. Daraja lenyewe lilishazinduliwa mara tatu. Mara ya kwanza lilizinduliwa likiwa mchoro, mara ya pili likiwa nguzo mbili, na mara ya tatu lilizinduliwa likiwa limeshakwenda na maji, maana mgeni rasmi alikwisha kualikwa na pilau limeshateremshwa jikoni. Watoto wa Ng'ambo wakawa wanaiona shule yao kwa macho, paa la bati linang'aa kule juu, wala hawafiki. Na mtihani wa taifa haungoji mto upungue.

Miongoni mwao alikuwamo binti mmoja, Tunu, mtoto wa Mama Havijawa mpima chai. Tunu alitaka kwenda chuo cha uuguzi. Akifaulu baiolojia, anakwenda. Asipofaulu, shamba la chai lilikuwa linamngoja kwa hamu. Msimamizi alikwisha kumpima mgongo kwa macho na kumchagulia tenga la kubebea majani.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikivuka mto ule: waya wa kiwanda cha chai, kilichokuwa upande wa shule. Magunia ya majani mabichi yaliangikwa kwenye ndoano yakavutwa kutoka Ng'ambo kuja kiwandani, na magunia matupu yakarudi. Mtu haukumbeba. Aliyejaribu aliokotwa huko chini ameukumbatia mzizi, na mpaka leo hataki kusimulia.

Sikudhani akautazama waya ule siku nyingi. Kisha akaenda mnadani akanunua redio ndogo ya kadi, zile ambazo wauza dagaa huzifunga kwenye usukani wa baiskeli ili wapite na muziki wao. Hii ilikuwa na kitufe cha kurekodia. Akaivalisha soksi ya mtoto, ya sufu, rangi ya kijani, ili vumbi la chaki lisiingie na pumzi zake zisivume. Akaitundika shingoni kwa uzi, akafundisha kama kawaida. Somo likaisha, kadi ikatolewa, ndogo kama ukucha, ikatiwa kwenye kikopo cha mafuta ya mgando kilichooshwa vizuri, kikopo kikafungwa ndani ya gunia tupu, gunia likavuka.

Ng'ambo walikusanyika kwenye banda la kupimia chai. Mama Havijawa naye alikuwa na redio yake ya kadi, ya kusikilizia taarabu, nayo ina kitufe cha kurekodia, akaitoa kwa watoto, lakini kwa masharti: na yeye asikilize. Wakawa wanasikiliza wote, watoto na madaftari yao, wachumaji na matenga yao. Katika somo waliisikia pia mvua ya upande wa pili, kuku wa mpishi wa shule, na mwalimu akikohoa.

Kadi ikawa inarudi na maswali. Mwalimu aliisikiliza ofisini kwake, anacheka peke yake mpaka mwalimu mkuu akachungulia.

"Shikamoo mwalimu, ni mimi Tunu," ilisema kadi. "Tumeelewa moyo. Ila mama anasema wa kwake hauna vyumba vinne. Anasema una kimoja, na amekifunga, na ufunguo haupo. Halafu anasema ukohoe kidogo kidogo, unywe tangawizi."

Moyo wakaumaliza hivyo. Mapafu wakayamaliza. Ikabaki figo, na figo kila mwaka haikosi katika mtihani.

*

Sasa, Ng'ambo alikuwepo mtu mmoja mwenye kuipenda sana nchi yake. Alipita karibu na banda la chai akasikia chombo kinasema, tena kinasema kirefu, na hakijamtambua mtu yeyote. Akahisi baridi. Akapiga simu wilayani.

Akaja Bwana Kitwana Mbaruku, Mratibu wa Sauti Zisizo na Mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye leso tatu, moja ya jasho, moja ya pua na moja ya hafla. Akaketi kwenye kiti cha mwalimu, akaomba aisikie ile kadi, akafumba macho. Alisikiliza mapafu tangu mwanzo hadi mwisho. Alipofumbua macho akasema ni hotuba nzuri.

Mwalimu akamweleza kwamba si hotuba, ni somo. Bwana Mbaruku akamfafanulia, bila ukali wowote, kwamba mtu akisema darasani anafundisha, lakini akisemea chombo anahutubia. Mapafu hayo hayo, yakipita hewani tu, ni somo. Yakipita kwenye betri, ni hotuba. Na hii ilikuwa hotuba iliyoanza na neno "Jana". Katika miaka yake yote ya utumishi, alisema, hajapata kusikia hotuba inayoanza na "Jana".

"Lakini usihofu, mama," akamaliza, na leso ya hafla ikatoka. "Serikali haijakukasirikia. Imekufurahia."

Wazee wa nchi hiyo wakilisikia neno hilo hufunga milango. Serikali ikikukasirikia utalipa faini ulale. Ikikufurahia itakuundia kamati.

Ikaundwa hapo hapo, kwa simu. Ikaitwa Kamati ya Kitaifa ya Kunasa na Kueneza Masomo kwa Njia Nyepesi, na ili njia hiyo nyepesi ipate kuanza, redio ya mwalimu ikachukuliwa iwe sampuli, pamoja na soksi yake. Siku ile ile redio zote za kadi zilizokuwa mnadani, na ile ya taarabu ya Ng'ambo, zikaorodheshwa kama mali ya kulindwa. Za mnadani zikapelekwa kulindwa wilayani. Ile ya Ng'ambo ikaachwa ilindwe na Mama Havijawa, kwa kuwa daraja halikuwepo la kuifuata.

Sikudhani alitaka kusema jambo moja tu: niachie redio yangu. Maneno matatu. Yalikuwa yamekaa kwenye ulimi, yamevaa viatu tayari. Lakini mgeni ni mgeni, huanzi kwa kumdai. Akaanza kwa kumpa pole ya safari. Bwana Mbaruku akapokea, akaeleza safari yote, na mashimo yake. Akamuuliza habari za nyumbani. Nyumbani hawajambo, isipokuwa mguu wa mkewe. Basi ikabidi kuuliza mguu. Mguu ulikuwa na historia. Walipofika kwenye mganga wa pili, dereva akapiga honi, Bwana Mbaruku akainuka akashukuru kwa makaribisho, gari likateremka na redio, na mwalimu akabaki mlangoni na maneno yake matatu kooni kama mwiba wa samaki.

*

Akajaribu njia nyingine. Aliiandika figo yote kwenye karatasi, na michoro, akaituma kwa waya bila kikopo, maana haikuingia; mvua ikaisoma yote, wao wakapata karatasi nyeupe. Akasimama ukingoni akaifundisha kwa kupiga kelele. Mto ukamzidi sauti. Tunu alisimama upande wa pili, mkono nyuma ya sikio, anatikisa kichwa.

Hatimaye habari njema zikafika: kamati imeruhusu kurekodi. Redio ikaja na gari lake, imelazwa juu ya kimto cha mahameli, na askari wa kuilinda. Soksi ilikuwa imefuliwa ikapigwa pasi. Bwana Mbaruku akakaa mstari wa mbele pamoja na wanafunzi, kazi yake ikiwa kumnong'oneza mwalimu majina.

Sikudhani akabonyeza kitufe, akaanza. Akamtambua Mtukufu Mwenyewe, na wake zake Mtukufu kwa utaratibu wa kuolewa. Akamtambua makamu, na aliyekuwa makamu, na anayetajwa kuwa atakuwa makamu. Wakafuata mawaziri. Wakafuata manaibu wa mawaziri, na manaibu wa manaibu, ambao ndio wenye kinyongo zaidi wakisahauliwa. Wakuu wa mikoa, pamoja na wa mikoa ambayo bado haijakatwa. Mwanafunzi mmoja akalala. Kengele ya chakula ikalia, wakatambuliwa madiwani. Kuku wa mpishi wakaenda kulala. Mwalimu akavuta pumzi, akasema:

"Figo ni —"

Redio ikalia *tii*, taa nyekundu ikazimika. Kadi imejaa.

Bwana Mbaruku akapiga makofi. Alisema ni kazi safi, kazi ya kuigwa. Ikapelekwa Ng'ambo siku hiyo hiyo.

Jibu likarudi asubuhi, kabla gari halijaondoka na redio, na mwalimu akalisikiliza amesimama.

"Shikamoo mwalimu. Ni Tunu. Tumesikiliza kwa zamu, wengine walichoka. Mwalimu, tumefika kwenye 'figo ni'. Figo ni nini?" Hapo sauti ya Mama Havijawa ikaingia kwa nyuma, inapima gunia huku inasema: "Muulize kama hao wote aliowataja wanaumwa figo."

Sikudhani hakucheka. Aliirudia ile kadi mara ya pili, akaona hata swali la mtoto limekatika mwishoni, kwa kuwa Ng'ambo walithubutu kufuta diwani mmoja tu ili kupata nafasi.

*

Akafikiri: kadi ni ndogo. Akashuka wilayani kwa miguu kuomba kadi kubwa. Na hili liandikwe kwa sifa ya serikali ile, alipewa. Ilikuwa kubwa maradufu. Lakini katika nchi hiyo nafasi haikai wazi. Habari za kadi kubwa zikatangulia mbele yake, na alipofika shuleni Bwana Mbaruku alikwisha kuletewa majina mapya: wajumbe wa bodi, wastaafu wenye heshima zao, na wafadhili ambao hawajafadhili bado lakini wameonyesha nia. Kadi kubwa ikaishia kwa mkurugenzi wa maji wa wilaya. Hata "figo" haikutajwa.

Akafikiri: basi nitasema haraka. Akayakimbiza majina kama mtu anayepepeta mchele mvua inakuja. Siku ya pili ikafika barua ya masikitiko. Naibu wa naibu fulani alilisikia jina lake likipita bila kituo, na mama yake mzazi, aliyekuwa amekaa naye, hakulitambua. Ikabidi kurudia, taratibu.

Akafikiri: nitaanza na figo, salamu zije nyuma. Hapo Bwana Mbaruku alimtazama kwa huruma ya kweli, kama unavyomtazama mtu anayetaka kuvaa shati juu ya koti. Akamwita kando.

"Mwalimu wangu," alisema, "mimi na wewe ni watu wazima. Hiyo figo iko tumboni mwa kila mtu, haipotei. Lakini mheshimiwa asipotajwa leo, kesho mimi niko wapi?"

Naye alikuwa anasema kweli. Alikuwa na watoto shuleni na mke mwenye mguu. Sikudhani akamwonea huruma, akampa pole, akamuuliza hali ya ule mguu. Na alipokuwa anajiandaa kusema lile jambo lake, maana safari hii alikwisha kuapa atalisema, Bwana Mbaruku akawa ameshafika kwa mganga wa tatu.

Zikapita wiki. Kila Alhamisi redio ilikuja na kimto chake, na kila Alhamisi nchi nzima ilitambuliwa. Darasani, watoto wa upande wa huku walikwisha kuifahamu figo kuliko nyumba zao. Wale wa Ng'ambo walikuwa wanaweza kutaja baraza la mawaziri bila kukosea, na kwa bahati mbaya hilo halikuwemo katika mtihani wa baiolojia.

Siku moja wachumaji walituma habari mpaka kiwandani kupitia fundi mmoja wa waya wa Ng'ambo, ambaye hupaza sauti kuliko mto, ila kwa maneno machache tu: msimamizi wa shamba amemletea Tunu tenga. Jipya, limesukwa kwa kipimo chake. Tunu hakulikataa. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kama alivyofundishwa.

Mwalimu aliposikia "akashukuru", aliketi kwenye ngazi za darasa na hakuinuka mpaka mpishi alipomletea chai.

*

Ijumaa, mtihani ukiwa Jumatatu, mradi ulizinduliwa rasmi.

Alikuja Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Fumbwe, wa Wizara ya Elimu, Itifaki na Makaribisho. Yalikuja maturubai, viti vya plastiki vyenye mashuka meupe, jenereta, na vipaza sauti vikubwa kama kabati, vinne, vikaelekezwa mtoni ili na wananchi wa Ng'ambo wafaidi. Darasa la baiolojia likafanywa jiko la wageni. Masufuria yakapangwa juu ya madawati, na pale ubaoni, penye mchoro wa figo, mtu akagongomea msumari wa kutundikia aproni. Redio ndogo ikawekwa ndani ya sanduku la kioo, imevalishwa soksi mpya yenye rangi za bendera.

Majina yalianza asubuhi. Jua likapanda, likakaa juu ya mlingoti wa bendera, likaanza kuteremka. Ndipo Waziri akaanza kuhutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "dunia inatuuliza: je, elimu inaweza kuwa nyepesi? Tunaijibu dunia: ndiyo, tukiibeba wengi. Leo mtoto wa masikini ana haki ya kuisikia sauti ya taifa lake popote alipo, hata kama yuko ng'ambo ya mto. Na mto huo, ndugu zangu, nautambua, na daraja lake tutalizindua tena."

Makofi. Ng'ambo watu walikuwa wamesimama ukingoni, wamejifunika majani ya migomba kwa ajili ya manyunyu. Walipotajwa walipunga mikono. Wao nao wana adabu.

Waziri alisema mengi. Alisema idadi ya sauti zilizonaswa imevuka lengo, na hakuna aliyeuliza ni sauti za nani. Mwisho akafuta jasho, akatazama saa, harufu ya pilau ikimfikia kutoka darasani, akasema sasa mwalimu wetu, mbunifu wetu, mama yetu, apewe kipaza sauti atoe neno la shukrani. Fupi.

Bwana Mbaruku akamsogeza mbele kwa kumshika kiwiko, akabaki nyuma yake kidogo, tayari kunong'ona.

Sikudhani akakishika kipaza sauti. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, na kanga mpya isiyo na chaki. Mbele yake walikaa waheshimiwa, nyuso zimetulia, kila mmoja anangoja la kwake. Akafungua kinywa, na salamu zikaja zenyewe, kama maji yajuayo mfereji. Alizisikia zinapanda: Mtukufu Mwenyewe, na wake zake Mtukufu.

Akainua macho.

Ng'ambo ya mto, mbele ya watu wote, Tunu alikuwa amekaa juu ya tenga lake jipya, amelifudikiza. Amekunja miguu. Mama yake amemshikia jani la mgomba kichwani. Na yule mtoto, kwa kuwa amesikia sasa anasema mwalimu wake, alikuwa amefungua daftari magotini na kalamu ameishika, anangoja.

Bwana Mbaruku akanong'ona jina la kwanza. Sikudhani hakulisema. Akanong'ona tena, kwa nguvu kidogo, akidhani mama amesahau. Kwenye viti vya mbele mtu akakohoa. Waziri akatabasamu tabasamu la kumsaidia, akamwashiria kwa kichwa aendelee, asiogope, wote hapa ni ndugu.

"Nataka redio yangu," akasema mwalimu Sikudhani.

Vipaza sauti vinne vikaibeba kauli hiyo juu ya maji. Leso ya hafla ikaanguka. Naye, kwa sauti ile ile anayotumia akiwa darasani, wala haikupanda, akamalizia:

"Na nataka mtoe masufuria yenu darasani kwangu sasa hivi, nifundishe figo."